Salamu Zilizofunga Kiwanja

Kapteni wetu hajawahi kupanda ndege. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu yeye hulisema mwishoni, tena kwa sauti ya chini, na baada ya kubanwa sana. Kazi yake ni kutengeneza simu, mtaa wa Barani, mjini Malindi, katika duka la vyumba viwili. Chumba cha mbele kina vioo vya simu vilivyopasuka na wateja wanaolalamika. Chumba cha nyuma kina kompyuta tatu za kuungaunga, na ndani ya kompyuta hizo kuna ndege.

Ni mchezo. Mtu anakaa mbele ya kioo, anashika usukani wa plastiki, anarusha ndege kama rubani. Anaona bahari, mawingu na mabati ya mji wake kutoka juu. Anaongea kwa redio na wengine wanaocheza saa hiyohiyo, kila mtu kwao: Nairobi, Kisumu, Eldoret. Mwongoza ndege naye yuko nyumbani kwake, anaongoza kiwanja cha kwenye kioo. Lakini ukitaka Kapteni akufukuze, mwambie ni mchezo.

Alikuwa na shati jeupe lenye mistari minne ya dhahabu kila bega. Mistari hiyo ilishonwa na fundi wa jirani ambaye kabla ya hapo alizoea kushona sare za wapiga tarumbeta wa harusini, na mtu akilitazama shati lile analiona tarumbeta. Jumapili Kapteni alilivaa kwenda chumba cha nyuma, hatua saba kutoka chumba cha mbele.

Tulioruhusiwa kuingia humo, ukimtoa yeye, tulikuwa wawili. Wa kwanza ni mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni, mtu mzima, mnene, mwenye Kiitaliano kizuri kuliko Kiingereza chake. Yeye alikuwa na mistari mitatu. Wa pili ni mimi. Nilikwenda pale kutengenezewa simu iliyoingia maji ya chumvi, mlango wa nyuma ukawa wazi, nikaona bahari ndani ya chumba. Kapteni aliniruhusu kwa sababu alihitaji mtu wa tatu. Ndege mbili zikizunguka kiwanja, alisema, bado hazijawa foleni. Redioni yeye alijiita Pwani Moja, mhudumu akawa Pwani Mbili, mimi nikawa Pwani Tatu. Mstari wangu wa kwanza, niliambiwa, upo kwa fundi. Utakuja siku nitakayoongea.

Maana sikuwa naongea. Urushaji wenyewe haukunisumbua. Kapteni aliuchora kwa chaki sakafuni, pembe nne, akautembea ametanua mikono huku wateja wakimruka. Ndege nyingi zikitaka kiwanja kimoja, hazijitupi tu kila moja inavyopenda. Zinafuata mzunguko. Upepo wa kusi ukivuma, Malindi unaruka uso ukiutazama upepo. Unapinda kushoto, upande wa bahari. Unapinda kushoto tena, sasa upepo uko mgongoni, na kiwanja kiko ubavuni mwako wa kushoto. Hapo ndipo panaitwa daunwindi. Ukishakiacha kiwanja nyuma ya bega, unapinda kushoto kuelekea bara, hiyo ni beizi. Unapinda mara ya mwisho, barabara ya ndege iko mbele yako, upepo usoni tena, hiyo ni fainali. Unatua. Ndege inayotangulia ikiwa bado barabarani, husongi. Unatia moto, unapanda, unazunguka upya.

Mhudumu alikaa mwezi mzima haelewi kwa nini daunwindi ndege yake inakimbilia Mambrui na kwenye beizi inasukumwa pembeni. Kapteni alimwambia ni kompyuta mbovu. Mimi nilielewa siku ya kwanza, kwa sababu Jumatatu mpaka Jumamosi nasukuma wilbaro kwenye mashamba ya chumvi, Gongoni.

Bwawa la chumvi nalo lina pembe nne. Tunapita juu ya kingo zake, na upepo wa kusi hauna huruma. Ukienda nao uso kwa uso, wilbaro inakuwa nzito kama inakataa. Ukiwa nao mgongoni, wilbaro inajisukuma yenyewe, na kona inakufikia kabla hujajiandaa. Kila kibarua mgeni huingia bwawani na mzigo wake hapo, na sisi hucheka, kwa sababu na sisi tulichekwa. Ukiwa nao ubavuni, lazima uegemee kidogo upande unakotoka upepo, la sivyo utapelekwa usikotaka. Ndege ni hivyohivyo. Anayesoma hapa akitaka kujifunza mchezo huu, asitafute mistari ya begani. Aende akasukume kitu kizito kuzunguka uwanja, siku ya upepo.

Na kuna sheria ya kona. Ukingo unatosha wilbaro moja. Wawili wakikutana katikati, mmoja lazima ashuke kwenye maji ya chumvi, na mwenye vidonda miguuni anajua maana yake. Kwa hiyo kabla hujapinda, unapiga kelele: njia, kisha namba ya bwawa lako, langu ni la nne, kisha mzigo au mtupu. Anayekuja mtupu anakupisha. Hakuna anayesalimu kwenye kona. Salamu tunazimaliza asubuhi getini, za mtu, za mkewe na za mbuzi wake, halafu tunaingia kazini.

Mtu atauliza, kama wapiga kelele siku nzima Gongoni, redio ilikushinda nini? Kule haikuwa mimi niliyepiga kelele. Ilikuwa wilbaro. Na hakuna anayekutazama, kila mtu amefinya macho kwa ule weupe. Redioni kila mtu amekaa kimya anakungoja wewe. Nilikuwa hivyo tangu shule. Nilifika darasa la nane bila kunyoosha mkono hata kuomba kwenda nje, na hilo lilinigharimu mara moja, darasa la pili, mbele ya wote.

Tena lugha ya redio ni Kiingereza. Changu ni maneno hamsini hivi, yote ya ndege. Kwa Kiingereza siwezi kuomba maji ya kunywa, lakini naweza kuomba kutua. Hapa nayaandika yote kwa Kiswahili, ili yasomeke.

Mwongoza ndege wa Malindi alikuwa dada mmoja wa Kilifi. Sikuwahi kumwona. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu mwenye kazi nyingine jikoni. Kwake rubani alitakiwa kujibu mambo matatu.

"Wewe nani, uko wapi, wataka nini," alimwambia kila mgeni. "Mengine niandikie barua."

Siku yangu ya kwanza nilibonyeza kitufe cha kuongelea, nikavuta pumzi ya kuanzia. Ikatoka pumzi peke yake. Nikavuta nyingine. Ikatoka nayo.

"Kuna mtu anapumua kwenye masafa yangu," dada akasema. "Anayepumua, sema."

Niliachia kitufe kama kimeniunguza. Kapteni na mhudumu walicheka mpaka mteja wa chumba cha mbele akaja kuuliza kama simu yake imepona. Tangu siku ile niliitwa Pumzi ya Gongoni.

Mchezo unamruhusu asiyeweza kuongea aandike. Nikawa naandika. Lakini mimi huandika polepole, herufi kwa herufi, natafuta kila kibonye kama sindano mchangani. Nilipomaliza kuandika kwamba napinda beizi, nilikuwa nimeshatua. Mara moja niliandika kwamba niko daunwindi nikiwa nimeshazima injini. Dada akajibu kwa kuandika, bila kuongeza neno: "Hongera."

Kapteni yeye aliongea. Lo, aliongea!

"Redio ni adabu," alitufundisha. "Huwezi kuingia kwa watu kama mwizi. Kwanza salamu. Kisha unauliza hali. Mwenzio akishaitikia, ndiyo unaeleza shida yako. Na ukishamwamkia mtu, humpi mgongo mpaka aitikie."

Nilimsikiliza akitekeleza. Alianza salamu akiwa juu ya mji, akapitia hali ya hewa, akataja saa alizorusha ndege maishani mwake, zote za kwenye kiti, na alipofika kwenye kusema yuko wapi, alikuwa juu ya Mambrui. Kwa hiyo kila alichosema kuhusu alipo kilikuwa kweli, ila cha zamani. Mhudumu naye alitangaza ndege yake kama chakula cha mchana: leo tuna ndege moja ndogo, mafuta ya kutosha, mawingu kidogo pembeni, na abiria wawili ukipenda.

Nilivumilia, kwa sababu ya kitu kimoja. Wiki nzima nikiwa Gongoni naona chumvi tu, na macho yanauma. Jumapili, nikifika mwisho wa daunwindi na kutazama mbele, niliyaona mashamba yaleyale kutoka juu. Yalikuwa vigae vidogo, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya waridi, na nilikuwa nikiweka kidole gumba juu ya kioo na kuyafunika yote. Kingo, geti, lori, msimamizi na filimbi yake, vyote chini ya ukucha wangu. Halafu napinda beizi. Nilikuwa na saa moja na nusu ya namna hiyo kwa wiki, na sikuwa na nyingine.

Ndipo Jumapili moja nikakuta boksi kubwa kwenye kona.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Wewe, waliona boksi hilo?"

"Naliona."

"Mashine ya fotokopi. Yataka meza. Na meza ninazo tatu."

Nikalitazama boksi.

"Umeona? Hata hapa hujibu. Fotokopi ukiiwasha, angalau inalia."

Mhudumu alikuwa anakula mbaazi kwenye karatasi. "Mwache kijana, Kapteni," akasema. "Chumvi imemkausha ulimi."

"Basi aulowanishe. Jumapili ijayo wanakuja marubani kutoka kila pembe ya nchi, wote wanatua Malindi, na mwenyeji wao ni mimi. Sitaki waende wakaseme Malindi kuna bubu anazunguka hewani. Na kuandika sitaki tena, wanakuandikia hongera, aibu ni yangu." Akanielekezea bisibisi. "Pwani Tatu. Jumapili ijayo utaita kila kona kwa mdomo wako, kutoka kuruka mpaka kutua. Usipoita, Jumatatu fotokopi inakaa hapo ulipokaa. Tumeelewana?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Anatikisa kichwa!" akamwambia mhudumu. "Kwenye redio atatikisa nini?"

Wiki hiyo nilijifunza juu ya kingo. Nikisukuma mtupu, nilisema maneno yangu ya Kiingereza kwa kunong'ona, mimi ni nani, niko wapi, nataka nini. Mwenzangu wa bwawa la tano alinisikia Alhamisi.

"We, waongea na chumvi?"

"Najisomea."

"Ikikujibu niite," akasema. "Mimi naidai mgongo wangu."

Jumapili ikafika. Kapteni alikuwa amejitia manukato, sijui kama harufu husafiri kwenye intaneti. Marubani walianza kuingia mapema, mmoja baada ya mwingine, na wa Nairobi walikuja na ndege kubwa na sauti za watu waliokwisha kula. Dada wa Kilifi aliwapanga bila kupumzika. Huyu asubiri juu ya Watamu. Huyu ashuke. Yule aliyesema yuko Malindi na kumbe yuko Lamu atazame dirishani. Sisi wenyeji tungeruka kwanza, tuzunguke mara moja, tutue, tuwapishe wageni. Kapteni mbele, mimi wa pili, mhudumu wa tatu.

"Pwani Tatu, ruka," dada akasema.

Hapo rubani lazima arudie alichoambiwa, ili ijulikane amesikia. Nikabonyeza.

"Pwani Tatu," nikasema, na mengine yakakwama. Nikaruka hivyohivyo, masikio yanawaka moto.

"Nimesikia nusu," dada akasema. "Nusu nyingine naingoja daunwindi."

Nilipinda upande wa bahari. Nilipinda tena, upepo ukanishika mgongoni, kiwanja kikawa ubavuni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Ila kabla hujabonyeza, sharti usikilize kwanza, kwa sababu kwenye masafa yale akiongea mmoja, wengine wote wamefungwa. Nikasikiliza. Masafa yalikuwa na mtu. Alikuwa Kapteni, aliyekwisha kutua, na nilimsikia mara mbili, mara moja kwenye hedifoni na mara moja kutoka meza ya pili.

"Marubani wote mliotutembelea, asalaam aleikum, karibuni sana Malindi. Hamjambo?"

Nilifurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, aongee tu, daunwindi ipite, nitasema sikupata nafasi. Nikaweka kidole gumba juu ya Gongoni, nikakiondoa, nikapinda beizi.

"Nasema wageni wetu, hamjambo?"

Kimya.

Nikageuza shingo kumtazama. Alikuwa ameinama mbele kwa heshima, anangoja kuitikiwa, na kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe. Hakukiachia. Angekiachiaje, naye alikuwa hajaitikiwa? Na marubani wa nchi nzima, walio na adabu na wasio nayo, hawakuweza kumwitikia kwa sababu kidole chake kilikuwa kwenye kitufe. Nadhani wangeweza kukaa hivyo mpaka magharibi.

"Umeona watu wa bara?" akamwambia mhudumu, kidole palepale. "Mtu wamwamkia mara mbili, amenuna kama umemkanyaga. Hawa wamelelewa wapi hawa? Wa Nairobi ndio wabaya zaidi. Wakija hapa kula samaki wetu wanajua kucheka."

Mhudumu alimpungia mikono, akamwonyesha kidole. Kapteni alidhani anaungwa mkono.

"Na yule dada wa Kilifi naye, miezi yote hii, hata siku moja hajaniuliza nimeamkaje."

Mimi nikapinda fainali. Barabara ya ndege ikajaa mbele yangu, ndefu, nzuri, na katikati yake imesimama ndege. Ilikuwa Pwani Moja. Kapteni alikuwa ametua na kusimama palepale barabarani ili asalimu wageni vizuri, bila haraka.

Nilikuwa nashuka na mzigo, njia ni moja, na kuna mtu mtupu amesimama katikati ya ukingo anaongea. Sikufikiri Kiingereza. Sikufikiri kitufe. Mkono wangu ulitia moto, ndege ikaanza kunyanyua pua, na kifua kikafanya kile kinachofanya siku sita kwa wiki.

"Njiaaa!" nikapiga kelele. "Namba nne, mzigo! Nakuja na mzigo, toka njia!"

Chumba kile ni kidogo. Mbaazi za mhudumu zilimwagika. Chumba cha mbele mteja alisema, "Mungu wangu, kuna nini?" Kapteni aliruka, kiti kikaanguka nyuma yake. Maiki yake ilikuwa wazi muda wote ule, kwa hiyo kelele yangu ilipita humo na kuingia masikioni mwa kila rubani aliyekuwa hewani, kutoka Mombasa mpaka Eldoret.

Kidole kilitoka kwenye kitufe.

Masafa yakafunguka na wote wakaingia pamoja, mmoja anauliza kama kuna ajali, mwingine anasema sisi tumelelewa vizuri kuliko nyinyi, mwingine anasema tu hatujambo, hatujambo, asante.

"Kimya, wote," dada akasema, na kimya kikawa. "Aliyesema njia. Wewe nani, uko wapi, wataka nini?"

Nilibonyeza kitufe changu. Pumzi yote ilikwisha kutoka kwenye ile kelele, haikubaki ya kunisumbua.

"Pwani Tatu. Niko fainali, barabara imezibwa. Napanda, nazunguka upya."

"Pwani Tatu, panda, zunguka upya. Niite daunwindi."

"Nitaita daunwindi, Pwani Tatu."

Rubani mmoja wa ndege kubwa alidakia. "Pwani Tatu, samahani ndugu, umebeba mzigo gani?"

"Mengine mwandikie barua," dada akamwambia. "Pwani Moja, ondoka barabarani."

Kapteni alikuwa amesimama, kiti chini, mistari yake minne imepinda bega moja. Akainama kwenye kitufe. "Pwani Moja. Lakini dada, hata hujambo hukusema."

"Hujambo. Ondoka barabarani."

"Sijambo, al-hamdulillahi. Na wewe?"

"Pwani Moja. Toka barabarani, kisha usikilize tu. Leo, na Jumapili nne zijazo. Ukisikiliza utajua nimeamkaje."

Nilizunguka. Daunwindi niliita, maneno saba. Beizi niliita. Sauti ilitetemeka, lakini wilbaro nayo hutetemeka na hufika. Nyuma yangu alikuja mhudumu, na ilipofika zamu yake, na nchi nzima inasikiliza, mtu wa maneno mengi yule akabonyeza kitufe, na kikatoka kile nikijuacho.

"Anayepumua, sema," dada akasema.

Fainali niliita. Nilitua kwa kurukaruka mara mbili, kama chura. Nikatoka barabarani, nikasema nimetoka.

"Pwani Tatu, vizuri," dada akasema, na akamwita anayefuata.

Nilivua hedifoni. Kapteni alikuwa amekaa juu ya boksi la fotokopi, mikono magotini.

"Haihesabiki," akasema.

"Nini haihesabiki?" mhudumu akamuuliza. Alikuwa anaokota mbaazi.

"Ile kelele. Aliitoa kwenye maiki yangu. Mkataba ulikuwa aongee kwa yake."

"Na zile alizoita baadaye, Kapteni? Daunwindi, beizi, fainali? Hizo alizitoa wapi?"

Kapteni akafikiri. "Hakusalimu," akasema. "Mgeni anatoka Nairobi, anafika Malindi, anapokewa na kelele ya wilbaro. Ndiyo heshima hiyo?"

"Kapteni," nikasema.

Wote wawili walinitazama. Nadhani hawakuwa wamewahi kunisikia nikianza mazungumzo mle ndani, ukitoa shikamoo.

"Uliniambia niite kila kona kwa mdomo wangu, kutoka kuruka mpaka kutua," nikasema. "Nimeita. Kiti ni changu."

Maneno mengine sikuwa nayo. Mhudumu alicheka, safari hii si mimi niliyekuwa nikichekwa. Kapteni alilitazama boksi chini yake, akazitazama meza zake tatu, moja baada ya nyingine. Mbele ya yangu, kwenye kioo, ndege ilikuwa imeegeshwa. Mbele ya yake kulikuwa na maandishi ya dada, mekundu: Pwani Moja anasikiliza tu.

Jumatatu mimi nilikuwa kwenye chumvi, sikuona ilivyofanyika. Jumapili iliyofuata nilikuta fotokopi imekaa kwenye meza ya pili, ya Kapteni mwenyewe. Alieleza kwamba mtu wa kusikiliza tu hahitaji meza, na kwamba ilikuwa mipango yake tangu zamani. Alikaa nyuma yetu juu ya stuli, amevaa shati na mistari yake minne, hedifoni masikioni, akimwambia kila mteja wa chumba cha mbele aliyetaka nakala ya kitambulisho asubiri, kwa sababu ndege ya Kisumu iko beizi. Jumapili nne zilipita. Fotokopi haijatoka. Mstari wangu bado uko kwa fundi.

Mimi bado naita kila kona. Sauti sijaweza kuipima tena tangu siku ile, hutoka yote, kama ya kwenye ukingo, na wateja wa chumba cha mbele huchungulia. Miezi minane Kapteni alinisihi niongee. Siku hizi nikikaribia fainali na kuvuta pumzi, nahisi mkono wake begani.

"Taratibu, Pwani Tatu," huninong'oneza. "Punguza sauti. Kuna watu wanatoa fotokopi."